Kioo cha Oledi na Fedha ya Kibanja

Wazee wengi wa Bukoba na Muleba siku hizi hujikuta mbele ya ombi ambalo baba zao hawakupata kuletewa. Kijana aliyemaliza masomo, mwenye kompyuta na anayejua kuitumia, huja akasema: "Baba, naomba unisaidie ninunue skrini ya oledi." Mzee akiuliza bei hushtuka, maana hutajiwa fedha ambayo katika nyumba nyingi haipatikani kwa kahawa ya msimu mmoja. Hapo nyumba hugawanyika. Mzee husema kuwa huo ni upuuzi wa michezo. Kijana naye husema kuwa wazee hawazielewi kazi za leo. Mama hukaa katikati, hajui amuunge mkono nani.

Sisi twaona kwamba katika ugomvi huu kila mmoja ana haki kwa sehemu, lakini wote wawili hubishana juu ya kitu wasichokijua sawasawa. Mzee hajui kifaa chenyewe, na kijana mara nyingi anajua sifa zake tu, kwa kuwa amezisikia kwa wauzaji. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kukieleza kifaa hiki jinsi kilivyo, uzuri wake na aibu yake, ili baba na mwana wapate kukaa pamoja na kupima.

Ni kitu gani?

Herufi nne OLED, ambazo sisi tutaziandika oledi kama zinavyotamkwa, huandikwa katika sanduku la skrini kuonyesha namna inavyotoa nuru. Ili tuelewe, yatupasa kwanza kuitazama skrini ya kawaida, ile ambayo kwa herufi huitwa LCD. Ndani yake kuna taa inayowaka nyuma wakati wote, na mbele ya taa hiyo kuna milango midogo mno, mamilioni kwa mamilioni, inayofunguka na kufumba ili nuru ipite au izuiwe. Picha tunayoiona ni kazi ya milango hiyo. Lakini milango haifumbi kabisa. Kama vile mlango wa mbao wenye nyufa unavyopitisha nuru ya karabai usiku, ndivyo nuru ya nyuma inavyopenya. Kwa sababu hiyo kitu cheusi katika skrini ya kawaida si cheusi kweli, bali ni cha kijivujivu.

Skrini ya oledi haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha ni taa yenyewe, iliyotengenezwa kwa tabaka nyembamba za misombo ya kaboni ambazo zikipitiwa na umeme hutoa nuru. Skrini kubwa yenye nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo ina nukta 8,294,400, na kila moja ina vijitaa vitatu au zaidi, chekundu, cha kijani na cha buluu. Pahali panapotakiwa pawe peusi, vijitaa vya hapo huzimwa kabisa.

Wala msomaji asidhani kwamba kitu hiki ni kigeni sana kwake. Baadhi ya simu zilizomo mifukoni mwa watu zina kioo cha namna hii hii, nacho katika simu huitwa AMOLED. Anayetaka kujua simu yake ni ya aina gani, na aingie usiku katika chumba chenye giza, afungue picha iliyo nyeusi tupu, aitazame. Ikiwa kioo kinaonekana kama kimezimwa, ni oledi. Ikiwa kinatoa mwanga hafifu wa kijivu, ni cha kawaida. Jaribio hili halina gharama, na mzee akilifanya pamoja na kijana wake ataona kwa jicho lake kinachozungumzwa.

Elimu yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, walieleza namna ya kutengeneza kijitaa cha aina hii kinachowaka kwa umeme mdogo. Ilichukua miaka 20 hata kampuni ya Sony ikauza televisheni ya kwanza ya oledi, mwaka 2007, nayo ilikuwa na inchi 11 tu. Mwaka 2011 Sony ikatoa skrini za oledi kwa mafundi wakubwa wa filamu na televisheni. Na mwaka 2022 kampuni ya Dell, kwa jina lake la Alienware, ikatoa skrini ya kompyuta ya inchi 34 kwa ajili ya wachezaji, kwa bei ya dola 1,299, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 kabla ya nauli na kodi. Tangu hapo makampuni mengi yamefuata na bei zimeshuka; aina ndogo zaweza kupatikana huko Marekani kwa chini ya dola 700. Hata hivyo kwa nyumba iishiyo kwa kahawa na ndizi, hiyo bado ni fedha nzito.

Uzuri wake

Oledi ina sifa mbili ambazo hakuna anayezikana. Ya kwanza ni ule weusi tulioutaja. Kijana anayehariri picha za harusi ataelewa upesi faida yake. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, na wanawake wamevaa mabuibui meusi. Katika kioo hafifu kanzu hugeuka kuwa doa jeupe, na buibui huwa doa jeusi lisilo na mikunjo. Katika oledi fundi aweza kuona kilichomo katika kivuli na kilichomo katika mwanga, akajua arekebishe nini.

Sifa ya pili ni wepesi. Nukta ya oledi hubadilika rangi kwa muda ambao watengenezaji hutaja kuwa sehemu 3 za 100,000 za sekunde, ilhali skrini nzuri ya kawaida huchukua sehemu 1 ya 1,000 au zaidi. Kwa hiyo kitu kinachokimbia, kama mpira au gari, hakiachi mkia wa ukungu nyuma yake. Hii ndiyo sababu wachezaji wanaipenda.

Aibu yake

Lakini kila kitu kina upande wake wa pili, na wauzaji hawaupigii mbiu. Vijitaa vya oledi huchakaa kwa kutumika, na vya buluu huchakaa haraka kuliko vingine. Kama vyote vingetumika sawa, uchakavu usingeonekana upesi. Shida ni pale kitu kimoja kinapokaa pahali pamoja kwa saa nyingi kila siku: mstari wa programu chini ya kioo, mistari ya hesabu, au alama ya kituo cha televisheni katika pembe. Vijitaa vya hapo hufifia kuliko jirani zao, na alama ile hubaki kama kivuli hata picha ikibadilishwa. Kivuli hicho hakifutiki.

Watengenezaji wameweka kinga. Skrini husogeza picha kidogo kidogo bila ya mtu kutambua, na baada ya saa kadhaa za kazi, inapopumzishwa, hujipima na kujisawazisha kwa dakika chache. Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Bukoba apaswa kulijua hasa. Kazi hii ya kujisawazisha hutaka umeme. Desturi yetu ni kumaliza kazi na kuzima moja kwa moja katika swichi ya ukutani, na umeme wenyewe pengine hukatika bila ya kuaga. Skrini isiyopata nafasi ya kujisawazisha huchakaa vibaya mapema. Mwenye kuimiliki yampasa aizime kwa kitufe chake kwanza, aiache ikiwa imeunganishwa na umeme mpaka imalize, ndipo achomoe.

Aibu ya pili ni kwamba weusi wake mzuri huonekana katika chumba chenye kivuli. Aina nyingine za oledi zikiwekwa mbele ya dirisha au katika duka lililo wazi kuelekea barabarani, nuru ya mchana huzipiga, na ule weusi hugeuka kuwa kijivu chenye uzambarau. Tena mwanga wake kwa kioo kizima si mkali sana. Ya tatu ni kwamba katika aina kadhaa herufi ndogo huonekana zina ukingo wa rangi, kwa sababu ya namna vijitaa vilivyopangwa. Anayetazama filamu hatajali. Anayeandika barua na mahesabu kutwa nzima atachoka.

Nani anaihitaji?

Sasa tuwatazame vijana watatu, ambao kila msomaji anawafahamu katika mtaa wake.

Wa kwanza ni mwenye kibanda cha michezo. Huyu huweka PlayStation 4 na vijana huja kucheza mpira kwa kulipa. Anadhani oledi itamletea wateja. Na apime mambo mawili. Mashine yake ya PlayStation 4 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Hata PlayStation 5 haipiti 120. Basi kununua skrini ambayo sandukuni imeandikwa 240 Hz, yaani yenye uwezo wa picha 240 kwa sekunde, ni kama kununua mtungi wa lita 240 wa kukingia bomba litoalo lita 60. Pili, katika mchezo wa mpira ubao wa magoli na saa hukaa pembeni mwa kioo tangu asubuhi mpaka usiku. Hakuna namna ya upesi zaidi ya kuiharibu oledi kuliko hii. Kibandani oledi haina kazi. Televisheni ya kawaida yatosha. Na maadamu tumefika kibandani, twaongeza neno moja: vijana wanapowekeana fedha juu ya mchezo, hiyo ni kamari, na jina la mashine halibadilishi hukumu yake.

Huenda kijana akasema: "Lakini mimi nataka kuwa mchezaji wa mashindano, nao hao hulipwa." Hatumkatalii kwamba watu hao wapo. Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alichukuliwa na timu ya kigeni ya XiT Gaming mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken 7. Lakini na atazame vema. Mchezo huo wa Tekken 7 umetengenezwa kwenda kwa picha 60 kwa sekunde, wala hauzidi. Kilichompandisha ni mazoezi, wala hakuacha masomo, kwa kuwa alikuwa akisoma sheria katika chuo kikuu. Kijana ambaye hajashinda katika mtaa wake kwa kioo cha kawaida hatashinda duniani kwa kioo cha dola 1,000.

Wa pili ni mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, au karani wa hesabu wa chama cha ushirika. Huyu tusipoteze naye maneno. Kazi yake ni herufi na mistari isiyosogea, katika chumba chenye mwanga. Kila aibu tuliyoitaja inamhusu, na kila uzuri haumhusu. Na anunue skrini ya kawaida iliyo pana, abaki na fedha ya wino na karatasi.

Wa tatu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa: kijana au binti ambaye kazi yake ni picha zenyewe. Ni yule anayehariri video za harusi, anayetengeneza katuni, au anayepanga rangi za filamu. Wazee wasidhani kwamba kazi hii ni mchezo. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, katika jiji la Kampala, Raymond Malinga na wenzake wa studio ya Creatures walitengeneza filamu ya katuni iitwayo "Herderboy", nayo ikaingia katika mkusanyiko wa filamu 10 za Kiafrika uitwao "Kizazi Moto", ulioonyeshwa duniani kote na kampuni ya Disney mwaka 2023. Mganda aliyekaa mwendo wa siku moja kwa basi kutoka kwetu ameifanya kazi hii, na jina la mkusanyiko wenyewe ni la Kiswahili. Mzee anayemwambia mwanawe kwamba hakuna riziki katika picha hasemi kweli.

Hata hivyo huyu wa tatu naye ana daraja. Aanzaye hahitaji oledi. Anahitaji skrini ya kawaida ya aina iitwayo IPS, ambayo sandukuni imeandikwa kuwa inaonyesha rangi za sRGB kwa 100 kwa mia au karibu yake. Nayo hupatikana mara nyingi kwa robo ya bei ya oledi. Na akumbuke wateja wake watatazama kazi kwa kioo gani. Bibi harusi wa Kamachumu ataitazama video yake katika simu, na wazazi wake wataitazama katika televisheni ya sebuleni. Picha iliyopendeza katika oledi pekee haijamfaa mteja. Yapasa fundi aijaribu katika vioo hivyo pia. Na binti atengenezaye kadi na picha za kuchapwa ajue zaidi ya hapo, kwamba karatasi haitoi nuru. Akirekebisha picha katika kioo kinachong'aa sana, ikichapwa itatoka giza, na mteja atairudisha. Dawa yake ni kupunguza mwanga wa kioo na kulinganisha na karatasi iliyochapwa, wala si kununua kioo cha ghali zaidi.

Atakapokuwa na wateja wa kudumu, akawa analipwa na watu wanaodai rangi sahihi, hapo oledi huwa chombo cha kazi, kama cherehani nzuri kwa fundi nguo. Wakati huo faida ya kazi yenyewe ndiyo itakayoinunua, na kahawa ya baba itabaki kwa ada za wadogo zake.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa yule aliyekwisha pima akaona anaihitaji, tuna nasaha nne.

Kwanza, dhamana. Makampuni kadhaa hutoa dhamana ya miaka 3 inayogusa hata ule uchakavu wa vivuli. Lakini dhamana ni karatasi tu ikiwa hakuna wa kuipokea. Kabla ya kulipa muulize muuzaji: skrini ikiharibika itarudishwa Kariakoo, au Kampala, au Dubai? Na nauli ni ya nani? Asipokuwa na jibu, hesabu kwamba huna dhamana.

Pili, umeme. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme utokao Uganda, na maporomoko ya Rusumo katika wilaya ya Ngara sasa yana mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni neema, lakini waya ni ule ule, na radi za Ziwa Viktoria hazijapungua. Kabla ya kununua skrini ya mamilioni nunua kwanza UPS nzuri, chombo kinachotunza umeme kwa dakika chache na kukinga mishtuko. Na mvua ya radi ikianza, zima ukachomoe.

Tatu, mtumba. Oledi iliyotumika huuzwa rahisi, na mara nyingi kuna sababu. Mwombe muuzaji aiwashe, afungue picha ya kijivu tupu ijaze kioo kizima, uitazame kwa utulivu. Ukiona kivuli cha mstari, cha herufi au cha saa, iache. Fanya vivyo hivyo kwa simu ya mtumba.

Nne, macho na wakati. Hakuna kioo, hata kiwe bora namna gani, kinachofuta uchovu wa kukikodolea saa 8. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, kiasi cha mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Na adhana ikisikika, hapo ndipo pumziko lililo bora kuliko yote: kioo hupumzika, na mwenye kioo hutekeleza lililo wajibu wake.

Enyi wazazi, msilikatae ombi kabla ya kuuliza ni la kazi gani. Kijana aliyekataliwa bila ya kuulizwa hujifunza kuomba kwa wengine, tena kwa siri, na mikopo ya riba ipo tele kumngojea. Nanyi vijana, msilete ombi bila ya hesabu. Chukueni karatasi, mwandike mambo haya manne: kazi gani nitaifanya kwa kioo hiki, nani amekwisha nilipa kwa kazi hiyo, mashine niliyo nayo yaweza kukitumia, na fedha yake itarudi kwa muda gani. Ikiwa majibu yapo, mzee mwenye busara hatayapuuza. Ikiwa hayapo, mmejijibu wenyewe, na fedha ya kibanja imesalimika.

Matumizi katika haja si israfu, hata yakiwa makubwa; na matumizi pasipo haja ni israfu, hata yakiwa madogo. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu subira ya kusikiliza, na vijana wetu akili ya kupima. Wabillahi tawfiq.